Spicer-Simson: Kamanda aliyeshinda mara mbili Ziwa Tanganyika, akashindwa kumaliza

WAKAZI wa Kigoma na Ujiji wanaijua MV Liemba kama meli ya abiria iliyobeba dagaa, mahindi, wafanyabiashara na wakimbizi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, kwa miongo mingi. Wanaojua kwamba ilizaliwa kama meli ya vita ya Wajerumani ni wengi kiasi. Wanaomfahamu Mwingereza aliyetumwa kutoka London kuja kuiangamiza, akafika, akashinda mapigano mawili ya kwanza, kisha akaitazama ikipita mbele yake bila kufyatua hata risasi moja, ni wachache.

Mtu huyo aliitwa Geoffrey Basil Spicer-Simson. Kwa vigezo vya karatasi za serikali yake alikuwa shujaa: alipandishwa cheo, akavishwa nishani na kusifiwa. Lakini kwa waliokuwa naye ufukweni mwa ziwa katika miezi ya Februari hadi Juni 1916, habari yake ilikuwa nyingine kabisa.

Alizaliwa Januari 15, 1876 huko Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia. Akiwa bado mtoto mdogo familia yake ilihamia Ufaransa, katika mji wa bandari wa Le Havre, na huko ndiko alikopata Kifaransa safi ambacho baadaye kingemsaidia kuliko upanga wake. Alisoma Uingereza, na alipofikisha umri wa miaka 14 alijiunga na Jeshi la Wanamaji.

Ajira yake jeshini haikuwa na nyota. Alifanya kazi za upimaji wa pwani na mito katika Borneo, China na Gambia, kazi ambazo inaelekea alizimudu vizuri, kwani ndizo zilizomrudishia heshima uzeeni. Ila kila alipopewa meli za kivita, balaa lilimfuata. Katika mazoezi ya mwaka 1905 alibuni njia ya kusaka nyambizi kwa kuburuta waya kati ya meli mbili, na nusura aizamishe nyambizi ya jeshi lake mwenyewe. Meli aliyoiongoza ilipata kugonga boti nyingine. Vita Kuu ilipoanza Agosti 1914 alikabidhiwa kikosi kidogo cha ulinzi wa pwani ya Kent. Novemba 11 mwaka huo, mchana kweupe, nyambizi ya Kijerumani iliizamisha meli ya HMS Niger iliyokuwa chini yake karibu na mji wa Deal, wakati yeye yupo hotelini nchi kavu pamoja na mkewe na marafiki. Baada ya hapo aliwekwa ofisini London, kwenye meza ya kushughulikia uhamisho wa mabaharia wa meli za biashara.

Akiwa na umri wa miaka 39, wenzake wa rika lake walikuwa wamekwishampita kwa vyeo. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huenda hapo ndipo pa kuanzia kumwelewa kamanda huyu. Alikuwa mtu wa majigambo mengi, mpenda hadithi za ushujaa wake ambazo hakuna aliyezishuhudia, lakini ndani yake alibeba kumbukumbu ya kila ajali.

Huku nyuma, Ziwa Tanganyika lilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka 1914, na kwa reli hiyo waliweza kuleta chochote kutoka pwani. Walikuwa na Hedwig von Wissmann, meli ya mvuke iliyokuwa ikifanya kazi ziwani tangu mwanzoni mwa karne. Agosti 1914 meli hiyo iliishambulia na kuiharibu Alexandre Delcommune, meli pekee ya maana ya Wabelgiji upande wa Kongo. Walikuwa pia na Kingani, boti iliyopewa jina la mto unaoingia baharini karibu na Bagamoyo, ambayo ilisafirishwa kwa treni hadi Kigoma. Na Februari 5, 1915 waliishusha majini Graf von Götzen, meli yenye urefu wa karibu mita 70 iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika maelfu ya masanduku na kuunganishwa upya Kigoma. Mkuu wao, Gustav Zimmer, aliweza kuvusha mamia ya askari kwa safari moja na kuwashusha popote alipotaka katika ufukwe unaopita kilomita 600 kwa urefu.

Aprili 1915 mwindaji wa tembo, John Lee, alifika London na wazo ambalo wakubwa wa Jeshi la Wanamaji walilipenda: kuleta boti ndogo za mwendo kasi kutoka Uingereza, kuzipitisha Afrika Kusini na Kongo, na kuzitumbukiza ziwani adui asijue. Maofisa wazuri walikuwa wamekwishagawiwa katika Bahari ya Kaskazini na Mediterania. Spicer-Simson alikuwa ofisini, hana kazi ya kumsitiri. Akapewa yeye.

Boti zilikuwa mbili, za mbao, urefu wa mita 12 hivi kila moja, na kila moja ilikuwa na mzinga mdogo mbele na bombomu nyuma. Kamanda alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Akarudi na majina ya Mimi na Toutou, wakayakubali bila kujua kwamba katika Kifaransa cha watoto maana yake ni ileile. Kwa sikio la Mswahili, kamanda aliyeipa boti yake jina la Mimi hakuhitaji maelezo zaidi.

Safari yenyewe inastahili kitabu chake, na vimeandikwa. Kundi la watu wapatao 28 liliondoka Uingereza Juni 15, 1915. Kutoka Cape Town boti zilipanda treni hadi Fungurume, katika Katanga, mahali reli ilipoishia. Kuanzia hapo zilivutwa porini kwa mashine za mvuke na maksai kwa zaidi ya kilomita 200, zikapandishwa milima ya Mitumba yenye kimo cha mita 1,800, zikateremshwa upande wa pili kwa kamba na magogo. Mamia ya wanaume wa vijiji vya njiani walikata miti, wakafyeka barabara na kujenga madaraja zaidi ya 100. Maji ya mashine yalipokwisha, wanawake waliyabeba kichwani kutoka mbali. Majina yao hayamo katika orodha ya waliovishwa nishani. Wala Lee, mwenye wazo, hakufika: Spicer-Simson alimwondoa kazini wakiwa bado njiani.

Kufikia mwishoni mwa Oktoba walikuwa Lukuga, mji ambao leo ni Kalemie, takriban kilomita 130 kusini mwa Kigoma katika ng'ambo ya ziwa. Hapo kamanda aliwashangaza Wabelgiji kwa kuvaa vazi mfano wa sketi, mikono na kifua vikiwa vimejaa chale za michoro ya nyoka na vipepeo. Waholoholo wa eneo lile, inasimuliwa, walimpa jina la Bwana Kifungatumbo.

Mimi na Toutou ziliingia majini siku mbili tatu kabla ya Krismasi. Hazikusubiri muda mrefu. Jumapili ya Desemba 26, 1915, asubuhi, Kingani ilitokea ikipeleleza ufukwe, na nahodha wake, Luteni Junge, hakujua kilichojificha bandarini. Spicer-Simson alikuwa katika ibada na watu wake. Akaimaliza ibada, ndipo akatoka kupigana. Mzinga wa Kingani ulikuwa mbele na haukuweza kupiga nyuma, hivyo boti mbili za Waingereza ziliifuata kwa nyuma na pembeni. Mapigano yalikwisha kwa dakika zisizozidi 15. Junge na wenzake wawili waliuawa, na boti ikatekwa. Ilizibwa matundu, ikawekewa mzinga mkubwa zaidi na kubatizwa jina jipya la Fifi.

Zimmer hakujua kilichotokea. Alidhani Kingani imepigwa kwa mizinga ya nchi kavu. Februari 1916 akamtuma Luteni Odebrecht na Hedwig von Wissmann kwenda kupeleleza. Februari 9 Waingereza wakatoka tena, safari hii kwa Mimi na Fifi. Fifi ilikuwa nzito na kila ilipofyatua mzinga wake ilipungua mwendo, kwa hiyo Hedwig ikaanza kuponyoka. Aliyeokoa siku ni Wainwright, ofisa aliyekuwa akiiongoza Mimi, ambaye alitangulia mbele, akaisumbua Hedwig kwa mzinga wake mdogo na kuilazimisha kugeuka kila mara ili ijibu. Spicer-Simson alimpa ishara arudi, naye akaendelea. Kisha Wainwright aliisogelea Fifi kumweleza mkubwa wake kwamba makombora yake yanapita juu ya shabaha. Yaliporekebishwa, kombora lilipiga injini, na Hedwig ikazama. Bendera yake ikaokotwa, na Odebrecht na mabaharia wake wengi wakatekwa.

Kwa kipindi cha wiki sita na siku chache, mtu aliyeshindwa kila alikopita alikuwa ameziondoa ziwani meli mbili kati ya tatu za adui bila kupoteza askari mmoja katika mapigano. Alikuwa na boti tatu za vita. Wabelgiji walikuwa na vyombo vyao vidogo na walikuwa wakiendelea kuunda meli mpya. Wachezaji wa sataranji, na hata wa bao chini ya mwembe, wanaijua hali hii: umekwishakula kete za mwenzako, amebakiwa na chache, na kila anayetazama anajua nani atashinda. Wanajua pia kwamba hapo ndipo mchezo mwingi hupotea, kwa kuwa mwenye kuongoza huanza kuogopa kupoteza alichonacho.

Siku iliyofuata, Februari 10, Graf von Götzen ilitokea yenyewe. Ilikuja ikiitafuta Hedwig, ikapita taratibu mbele ya Kalemie. Mabaharia wa Kiingereza walikimbilia boti wakitarajia amri. Amri haikutoka. Kamanda aliitazama meli ile kwa darubini, kisha akawaambia watu wake kwamba hawatatoka.

Haki itendeke kwa marehemu. Siku ile alikuwa na hoja. Götzen ilikuwa na mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari ya Königsberg baada ya kuteketezwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mzinga huo ungeweza kuvunja boti za mbao zikiwa mbali, kabla mizinga yao midogo haijafika popote. Boti zenyewe zilikuwa zimetoka vitani siku moja tu kabla. Ofisa mwenye busara angeweza kabisa kuahirisha pambano hilo kwa siku kadhaa.

Tatizo ni kwamba hakuliahirisha kwa siku kadhaa. Aliliacha. Badala ya kukaa na Wabelgiji kupanga namna ya kuibana Götzen, kuivizia usiku kwa boti zake zenye kasi au kuifungia Kigoma, alifunga safari na kuondoka kabisa ziwani. Alivuka Kongo kwenda kutafuta boti kubwa zaidi, akaipata moja ya chuma iliyoitwa St George, na hakurudi hadi Mei 1916. Kwa miezi mitatu kikosi kilichoshinda mara mbili kilikaa Kalemie bila mkuu wake. Uhusiano wake na maofisa wa Kibelgiji, ambao haukuwa mzuri tangu alipowasili, ulizidi kuwa mbaya.

Na wakati huohuo, upande wa Kigoma, mambo yalikuwa yakimgeukia adui bila kamanda kuyafuatilia. Mkuu wa majeshi ya Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alihitaji mizinga nchi kavu. Ule mzinga mkubwa uliokuwa ukimtisha Spicer-Simson uling'olewa kwenye Götzen na kupelekwa kwingine. Mahali pake likawekwa gogo lililochongwa na kupakwa rangi lifanane na mzinga. Jitu la ziwani lilikuwa limebaki kibogoyo. Wabelgiji walipeleka ndege za kutua majini walizopewa na Uingereza, zikaanza kuangusha mabomu Kigoma Juni 1916. Spicer-Simson alikuwa amesharudi, ana boti zake, na bado hakwenda.

Badala yake alipelekwa kusini, na huko ndiko kulikotokea jambo lililomvunja. Bismarckburg, ambayo sasa ni Kasanga katika Mkoa wa Rukwa, ilikuwa na ngome ya Wajerumani juu ya rasi inayoingia ziwani. Kikosi cha Waingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini, chini ya Luteni Kanali Murray, kilikuwa kikiizingira kwa nchi kavu. Kazi ya boti ilikuwa moja tu: kufunga mlango wa majini ili askari waliomo ndani wasitoroke.

Kikosi cha boti kilifika Juni 5. Kulikuwa na majahazi na mitumbwi ufukweni chini ya ngome, na haikuhitaji elimu ya kijeshi kujua ni ya kazi gani. Wainwright alitaka waingie na kuviharibu vyombo hivyo mara moja. Spicer-Simson alitazama mizinga iliyoonekana juu ya kuta, akakadiria kwamba boti zake zingepasuliwa, akaamuru kurudi nyuma hadi ghuba ya Kituta, kusini. Usiku, wakati boti zikiwa mbali, askari wa ngome wakapanda majahazi yale na kuondoka zao kwa ziwa.

Aliporejea Juni 9 alikuta bendera ya Uingereza ikipepea juu ya ngome tupu. Alipanda kwenda kukutana na Murray akiwa amevaa sketi yake, na inasimuliwa kwamba askari walimzomea njia nzima. Murray alimkaripia faraghani kwa kuwaachia waliozingirwa. Ile mizinga ya ukutani, ilipokaguliwa, nayo ilikuwa ya mbao.

Waliotoroka Kasanga hawakuwa takwimu. Walikuwa askari wenye silaha ambao waliungana na wenzao kuendelea na vita iliyodumu katika nchi hii hadi Novemba 1918, vita ambayo ilichukua maelfu kwa maelfu ya wapagazi, ikamaliza ghala za vyakula vya vijiji na kufuatiwa na njaa. Hakuna anayeweza kusema vita ingekwisha mapema kama mlango wa Kasanga ungefungwa. Lakini deni la kutofunga lilibaki kwa watu ambao hawakuwa wamemtuma.

Baada ya siku hiyo kamanda hakuwa mtu yuleyule. Alirudi Kalemie mgonjwa na mwenye huzuni, akajifungia kwenye kibanda chake. Daktari wa kikosi, Hanschell, alimwandikia kwamba hafai tena kwa kazi, naye akarejeshwa Uingereza.

Mwisho wa Götzen ukaletwa na watu wengine. Majeshi ya Wabelgiji yalishuka kutoka kaskazini kuelekea reli. Zimmer alipoona Kigoma haiwezi kushikiliwa, alitoa amri meli izamishwe. Mafundi waliopewa kazi hiyo waliijenga kwa mikono yao, na hawakutaka ife: walipaka injini grisi nzito kila mahali, wakaipeleka karibu na mdomo wa Mto Malagarasi na kuizamisha taratibu Julai 26, 1916. Siku chache baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma, kisha Ujiji, na Septemba 19 wakaichukua Tabora.

London haikutaka kusikia habari za Kasanga. Ilitaka hadithi ya boti zilizovushwa milima, na hadithi hiyo ilikuwa ya kweli. Spicer-Simson alipewa nishani ya DSO, Wabelgiji nao wakampa za kwao, lakini hakukabidhiwa tena kikosi cha kupigana. Kifaransa chake kilimpeleka katika mkutano wa amani wa Versailles mwaka 1919. Kuanzia 1921 hadi 1937 alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari yenye makao Monaco, kazi ya ramani na vina vya maji, ile aliyoiweza tangu ujana. Mwandishi C. S. Forester alichapisha riwaya ya The African Queen mwaka 1935, iliyochota kutoka vita hiyo ya ziwani, na mwaka 1951 ikawa filamu. Mhusika mwenye sketi hayumo.

Kamanda mwenyewe hakuiona filamu hiyo. Alifariki dunia Januari 29, 1947 huko Courtenay, British Columbia, nchini Canada, akiwa na umri wa miaka 71.

Meli aliyotumwa kuizamisha ilikuwa imeibuliwa kutoka mchangani na Waingereza wenzake Machi 1924. Grisi ya mafundi wa Kijerumani ilikuwa imefanya kazi yake, na injini zilikutwa nzima. Mwaka 1927 ilianza safari zake ikiwa na jina jipya, Liemba, na njiani kuelekea Mpulungu ilikuwa ikitia nanga Kasanga.